Homa Imeondoka, Jicho Limebaki na Ukungu

Barua nyingi zilizotufikia tangu mvua zilipopungua zinaeleza jambo moja kwa maneno tofauti: mgonjwa aliugua homa, akapona, akarudi kazini kwake, kisha baada ya siku kadhaa macho yakaanza kumsumbua, au mguu ukalegea. Nimechagua barua tano na kuzifupisha bila kubadili maana yake. Walioniandikia kuhusu mtoto wa jicho na presha ya macho naomba wanivumilie hadi toleo lijalo.

*Daktari, salaam. Mimi ni mfanyabiashara wa ng'ombe, napita minada ya Isingiro na Kiruhura. Mwezi uliopita niliugua homa, kichwa na mgongo vikiniuma, kwa muda wa siku tano hivi. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikapewa dawa ya maumivu, nikapona. Wiki mbili baadaye jicho la kulia likapata doa la kijivu katikati. Nikimtazama mtu nayaona masikio yake lakini uso wake siuoni. Muuza miwani wa sokoni amenijaribisha miwani sita bila mafanikio. Je, huu ni mtoto wa jicho? – Msomaji, Mbarara*

Ndugu yangu, usinunue miwani ya saba. Mtoto wa jicho kwa kawaida huja polepole, kwa miezi au miaka, na hutia ukungu mbele ya kila kitu unachokitazama. Doa lililokaa katikati huku pembeni pakionekana vizuri ni dalili ya tatizo katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Bila shaka umewahi kuingia katika kibanda cha video. Mbele ya jicho ni ile mashine inayorusha picha, na retina ni kitambaa cheupe kilichotandikwa ukutani. Miwani hurekebisha mashine. Kitambaa kikiungua katikati, hata ukiirekebisha mashine usiku kucha, uso wa mchezaji utaendelea kuangukia pale palipoungua.

Hukunieleza kama ulishika damu, nyama mbichi au mimba iliyotupwa na ng'ombe katika siku zilizotangulia homa yako, na ningekuwa nawe chumbani hilo ndilo swali langu la kwanza. Kwa mtu wa kazi yako, katika eneo lako, homa isiyo malaria ikifuatiwa na doa katikati ya jicho hunifanya nifikirie Homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Hapa Uganda vilithibitishwa Kabale mwaka 2016, baada ya kimya cha tangu 1968, na tangu hapo vimeonekana tena mara kadhaa katika nchi ya wafugaji. Mbu aina ya Aedes hutaga mayai yenye virusi, mayai hayo hukaa katika udongo mkavu kwa muda mrefu, na mvua kubwa ikifurika mabonde huanguliwa na kuanza kuwauma mifugo. Binadamu naye anaweza kuumwa na mbu, lakini wengi huambukizwa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa, na ndiyo sababu wachinjaji, wachungaji, matabibu wa mifugo na wafanyabiashara kama wewe hutangulia kuugua.

Wengi wa wanaoambukizwa hupata homa ya kawaida ya siku nne hadi saba na yakaishia hapo. Wachache, kati ya nusu mtu na watu wawili katika kila mia, hupatwa na ugonjwa wa macho, na huo huanza wiki moja hadi tatu baada ya dalili za kwanza. Pengo hilo ndilo linalowapotosha wagonjwa na, niseme ukweli, wahudumu pia. Mgonjwa wa macho haulizwi kuhusu homa ya mwezi uliopita, naye haoni sababu ya kuitaja kwa kuwa anaihesabu kuwa imekwisha. Kwa hiyo utakapofika mbele ya daktari wa macho, anza na homa, taja tarehe, kisha taja ng'ombe, na doa liwe la mwisho.

Nenda wiki hii, si mwisho wa mwezi, katika hospitali ya rufaa yenye kitengo cha macho, na hapo Mbarara huna safari ndefu. Utatiwa dawa ya kupanua mboni ili retina yako itazamwe. Dawa hiyo itakutia kiwi kwa saa kadhaa, hivyo usiende ukiendesha pikipiki mwenyewe. Damu yako inaweza kupelekwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoko Entebbe. Kwa kuwa homa yako imeshapita, huenda virusi vyenyewe havimo tena katika damu, na kipimo chenye manufaa zaidi ni kile kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaunda kupambana navyo. Utapimwa pia toksoplasma, yaani vimelea vinavyoweza kushambulia retina, kaswende, kifua kikuu na virusi vya ukimwi. Usichukulie kwamba unatuhumiwa jambo: magonjwa hayo yote huweza kuacha doa la namna hiyo, na baadhi yake yana dawa kamili, tofauti na hili ninalolishuku.

Homa ya Bonde la Ufa haina dawa iliyothibitishwa ya kuua virusi vyake ndani ya mwili wa binadamu. Uvimbe wa retina mara nyingi hutulia wenyewe katika wiki kumi hadi kumi na mbili. Lakini kidonda kikiwa palepale katikati ya retina, sehemu tunayoitumia kusomea na kutambulia nyuso, karibu nusu ya wagonjwa hubaki na upungufu wa kudumu wa uoni wa kati. Wakati ukingoja, jipime nyumbani kila asubuhi: ziba jicho moja, tazama fito za dirisha au mistari ya daftari la hesabu, kisha ubadilishe jicho. Mistari ikianza kupinda au kukatika katika jicho la kushoto pia, usingoje siku ya miadi. Na ukipatwa na maumivu makali ya kichwa, kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo au kizunguzungu kizito, hiyo ni dharura, kwa sababu virusi hivi huweza kuvimbisha ubongo pia, wiki moja hadi nne baada ya dalili za kwanza.

Mkeo na watoto hawataambukizwa kwa kuishi nawe. Hata hivyo, maziwa yachemshwe, nyama iive, na ng'ombe wanaotupa mimba kwa wingi wapelekewe daktari wa mifugo kabla ya kupelekwa mnadani. Najua maneno hayo hayampendezi mtu anayeishi kwa mnada.

*Daktari, baba yetu ana miaka 67 na ana kisukari. Aliugua homa siku nne, akaanza kuchanganyikiwa, shingo ikakaza, na mguu wa kushoto ukalegea. Majirani wengine walisema ni kiharusi, wengine jini. Ametoka hospitalini, akili imerejea, lakini mguu bado, na analalamika kwamba anaona kama vumbi kila mahali. Tumesikia kuna virusi vyenye jina la kwetu. Je, ni kweli vilitoka huku? – Msomaji, Arua*

Mpeni mzee salamu zangu. Ni kweli. Mwaka 1937, watafiti waliokuwa wakitafuta homa ya manjano walichukua damu ya mama mmoja mwenye homa huko Omogo, katika eneo la Nile Magharibi, na wakakuta virusi ambavyo sayansi haikuwa imevijua, ndivyo viitwavyo leo virusi vya Nile Magharibi. Kituo chao cha Entebbe, kilichofunguliwa mwaka uliotangulia, ndicho leo hiyo taasisi niliyoitaja juu. Virusi hupewa jina la mahali vilipoonekana kwanza, na hilo halina maana kwamba vilizaliwa hapo wala kwamba wenyeji wake wana kosa. Ndege ndio wanaovibeba, mbu huvichukua kutoka kwa ndege na kumpa binadamu, na mwaka 1999 vilifika hata New York.

Katika kila watu kumi wanaoambukizwa, wanane hawahisi chochote. Takriban mtu mmoja katika 150 ndiye anayeingiliwa ubongo, utando wake au uti wa mgongo, na hatari huongezeka kwa wazee na wenye kisukari. Siwezi kusema kutoka kwenye barua kwamba baba yenu aliugua ugonjwa huo. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo ya bakteria na kifua kikuu cha ubongo huanza vivyo hivyo, na ninaamini hospitali ilitazama hayo kwanza kwa sababu yana dawa na hayangoji. Ulizeni kama alitolewa maji ya uti wa mgongo, na majibu yake yalikuwaje.

Kuhusu mguu, namna ulivyolegea inaeleza mengi. Kiharusi huja ghafla, mara nyingi bila homa, kikashika upande mmoja, mkono pamoja na mguu, na mara nyingi mdomo hupinda au maneno hukwama. Virusi vya Nile Magharibi hupiga zile seli za uti wa mgongo zinazoamuru misuli, zilezile zinazopigwa na polio, hivyo kiungo hulegea katika siku za homa au punde baadaye, mara nyingi kimoja zaidi ya kingine, lakini ukimfinya mgonjwa anahisi. Upo na ugonjwa wa tatu, uitwao Guillain-Barré, ambamo kinga ya mwili, baada ya kumaliza vita na virusi, huigeukia mishipa ya fahamu ya mwenye mwili. Huo huja siku au wiki kadhaa baada ya homa kwisha, huanza na ganzi na udhaifu wa miguu yote miwili, na hupanda juu. Ukifika kifuani mgonjwa hushindwa kupumua, kwa hiyo anayeona udhaifu unapanda kutoka vifundo vya miguu hadi magotini hapaswi kulala nyumbani usiku huo. Tiba yake ipo katika hospitali kubwa, ya kusafisha maji ya damu au kutiwa kingamwili kwa njia ya mshipa, na wengi hupona, ingawa polepole.

Na kama anayelegea ghafla ni mtoto wa chini ya miaka kumi na mitano, kituo cha afya kinatakiwa kutoa taarifa na kuchukua sampuli mbili za kinyesi ndani ya siku kumi na nne ili kuhakikisha si polio. Wazazi wengi huona kuombwa kinyesi kwa ajili ya mguu ni mzaha. Si mzaha.

Sasa lile vumbi. Virusi vya Nile Magharibi vinapoingia ubongoni mara nyingi huacha pia madoadoa nyuma ya jicho, mengine yamejipanga kama mstari, na kwa mwenye kisukari huwa makali zaidi. Lakini kisukari chenyewe huvujisha mishipa midogo ya retina, na mvujo huo nao mgonjwa huuona kama vumbi au nyuzi zinazoelea. Uchunguzi mmoja wa macho utajibu maswali yote mawili, na ungestahili kufanyika kila mwaka hata kama homa hii isingekuja. Mguu unahitaji mazoezi ya viungo yaliyoelekezwa na mtaalamu, kuanzia sasa, kila siku, kwa miezi. Dua sina ugomvi nazo, ila msikubali mzee atiwe majani au mkojo machoni. Nimeona macho yaliyokuwa na nafasi ya kupona yakipofuka kwa sababu ya dawa hizo.

*Daktari, nina mimba ya miezi mitatu, naishi Entebbe. Wiki iliyopita nilipata homa kidogo, vipele na macho mekundu yasiyo na tongotongo. Shangazi yangu anasema ni Zika, na kwamba mtoto atazaliwa kipofu. Sipati usingizi. – Msomaji, Entebbe*

Dada yangu, shangazi ana haki ya kuijua Zika, maana msitu uliotoa jina hilo uko jirani yenu, na ndipo mwaka 1947 virusi vyake vilipopatikana katika damu ya tumbili aliyewekwa humo na watafiti wa homa ya manjano. Alilolikosea ni hukumu. Macho mekundu ya Zika kwa mtu mzima ni uvimbe mwepesi wa ngozi laini ya jicho, na hupona yenyewe. Jambo linalotutia wasiwasi ni mtoto aliye tumboni: katika mlipuko ulioanza Brazili mwaka 2015, baadhi ya watoto walizaliwa na vichwa vidogo, na baadhi yao na makovu katikati ya retina au mshipa wa jicho usiokomaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watoto mia wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito, watano hadi kumi na watano huonyesha athari. Maana yake ni kwamba walio wengi hawaonyeshi, na wewe bado hata hujathibitishwa kuwa na Zika.

Leo hii nenda kliniki upimwe malaria, kwa sababu malaria katika mimba ndiyo inayoua kwa haraka na ndiyo iliyo karibu nasi kila siku. Waeleze kuhusu vipele ili wafikirie pia rubela na kaswende, ambazo nazo huharibu macho ya mtoto, na omba damu yako ihifadhiwe au ipelekwe kupimwa Zika mapema, maana kadiri siku zinavyopita ndivyo virusi vinavyokuwa vigumu kuonekana. Ultrasaundi za baadaye zitafuatilia ukuaji wa kichwa. Zika huletwa na mbu, lakini huambukizwa pia kwa kujamiiana, kwa hiyo mumeo atumie kondomu hadi ujifungue. Mtoto akizaliwa, hata kichwa chake kikiwa cha kawaida, omba macho yake yachunguzwe.

*Naendesha bodaboda Busia. Nilipata homa na maumivu ya viungo hadi nikashindwa kukunja vidole kushika breki. Nilichomwa sindano ya diklofenaki mara tatu. Sasa viungo bado vinauma, na jicho la kushoto ni jekundu, linauma, haliwezi mwanga. Jirani amenipa matone yaliyomsaidia yeye. Niyatumie? – Msomaji, Busia*

Usiyatumie. Matone mengi ya namna hiyo yana steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na hapa pana mtego ambao hata wauza dawa huingia. Homa yenye viungo vilivyokaza huenda ni chikungunya, iliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na kupewa jina la Kimakonde linaloeleza mtu aliyejikunja kwa maumivu. Chikungunya huweza kuvimbisha jicho kwa ndani, wakati wa homa au wiki kadhaa baadaye, na jicho lililovimba kwa ndani hutibiwa kwa steroidi hizohizo. Lakini jicho lenye kidonda cha kuvu au cha virusi vya malengelenge kwenye kioo chake cha mbele huonekana jekundu vilevile, huuma vilevile na hukimbia mwanga vilevile, na tone la steroidi hulipofusha. Anayeweza kutofautisha ni mwenye darubini ya macho na rangi ya kupakia kidonda. Kwa hiyo chukua chupa hiyo uende nayo kliniki ya macho, uwaonyeshe.

Kuhusu sindano: homa ambayo malaria imekanushwa na dengi, homa nyingine ya virusi vinavyoletwa na mbu, haijakanushwa haifai kutulizwa kwa diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Dengi hupunguza chembe za kugandisha damu, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Hatari hiyo huwa kubwa siku ile homa inaposhuka na mgonjwa anapojiona amepona, na karibu na siku hizohizo, takriban wiki moja tangu homa ianze, ndipo dengi inapoweza pia kushambulia sehemu ya kati ya retina. Tumia parasetamoli kwa kipimo chake na unywe maji kwa wingi. Kama zimepita zaidi ya wiki mbili tangu homa yako ianze bila kutokwa damu, hofu ya sindano zilizopita weka kando, ushughulikie jicho.

*Babu yangu hapa Gulu husimulia homa ya o'nyong-nyong iliyowaangusha watu wa kijiji kizima. Sasa tunaambiwa mbu wa virusi wanauma mchana. Chandarua kina faida gani basi? – Msomaji, Gulu*

Babu yako anasema kweli. Homa hiyo ilitambuliwa kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, jina lake ni la Kiacholi, na ndani ya miaka mitatu iliugusa umati unaokadiriwa kufikia watu milioni mbili katika Afrika Mashariki. Yeye mwenyewe atakukumbusha macho mekundu na viungo vilivyolegea. Lakini o'nyong-nyong hubebwa na mbu walewale wa malaria, wanaouma usiku, na mbu wa Nile Magharibi nao huuma kuanzia magharibi. Chandarua kinawazuia wote hao. Kwa Aedes anayeuma mchana, mlaze mtoto ndani ya chandarua hata usingizi wake wa saa nane mchana, vaa mikono mirefu asubuhi na alasiri, funika mapipa ya maji ya mvua, na yale matairi mabovu yaliyorundikwa nyuma ya gereji yatobolewe au yaondolewe. Pipa likishamwagwa lisuguliwe kwa ndani kwa brashi, kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani mwake na hungoja maji yarudi.